Vumbi la Mbao Asilolitaka Seremala

Maseremala wa Mwanza wanaupenda mvule kwa kuwa hauozi upesi. Ndani yake mna kemikali zinazozuia kuvu, na uyoga nao ni kuvu. Ndiyo maana anayezunguka karakanani na viroba akitafuta vumbi la kuoteshea uyoga wa shiitake hana budi kupindua vipimo vya fundi: mbao bora ya kitanda hutoa vumbi baya la uyoga.

Msindano, unaopandwa katika shamba la miti la Buhindi ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, una kasoro nyingine: utomvu. Vumbi lake bichi hunuka tapentaini, na harufu hiyo peke yake inatosha kulikataa. Afadhali mwembe au mkaratusi. Wabrazili huotesha shiitake kwenye mkaratusi. Tabu ni kwamba chini ya msumeno mmoja hupita mbao za kila namna, zikiwemo zilizotiwa dawa. Mjuzi huuliza kilichopasuliwa siku hiyo kabla hajauliza bei.

Chembe nazo hukaguliwa. Vumbi laini tupu likilowa hushikana na kuziba hewa. Maranda matupu huacha mianya. Yachanganywe.

Kwenye pumba za kurutubishia vumbi ndipo wengi hupunjwa. Mashine za mpunga hutoa aina mbili: maganda magumu, yale ya kuchomea matofali, hayana lishe ya maana; kinachotakiwa ni pumba laini, za mpunga au za mahindi, kama kilo 2 kwa kilo 8 za vumbi kavu. Zikizidi, ukungu wa kijani huwahi karamu. Na chokaa? Wazoefu wa uyoga mamama, unaolimwa na wengi nchini, huitia kwa mazoea, lakini shiitake hupenda uchachu kidogo.

Maji hupimwa kwa kiganja: donge likikamuliwa kwa nguvu litoe tone moja au mawili, na likiachiwa lisisambaratike. Maji yakichuruzika, mchanganyiko umezidi kulowa.

Lakini kinachotenganisha kazi nzuri na ya kubahatisha ni mvuke wa kuua vijidudu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Mifuko ya mchanganyiko iliyomo kwenye pipa lisilo na mgandamizo huhitaji saa 10 au zaidi, zikihesabiwa tangu mvuke uanze kutoka, wala si tangu kuni ziwashwe. Mamama hukua haraka na husamehe uzembe kidogo. Shiitake huchukua miezi kutanda mfukoni, na kila kijidudu kilichosalimika kina muda wa kutosha kuutangulia.

Baada ya kupandwa mbegu, mfuko mzuri huwa mweupe kote, kisha hufanya gamba la kahawia. Wageni wa kazi hii hudhani umeoza, wakautupa. Unaostahili kutupwa ni ule wenye madoa ya kijani, na utupwe mbali na banda.