Injini ya Reli Isiyojengwa

Katika maamuzi yote ya Kanali Holman Fred Stephens, lile la kuagiza injini iliyoitwa Hecate halina utetezi. Stephens alikuwa bingwa wa kuziendesha reli maskini za mashambani Uingereza kwa vyuma chakavu na pesa kidogo. Mtu huyohuyo alikubali reli ya Kent na East Sussex inunue injini mpya ya 0-8-0 yenye tangi za pembeni kutoka Hawthorn Leslie wa Newcastle, kwa ajili ya njia iliyokuwa bado kwenye karatasi. Injini ilifika mwaka 1905. Njia haikufika kamwe.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Mwaka huo reli ilikuwa imetoka Robertsbridge, ikapita bonde la mto Rother na Tenterden, na kuishia Headcorn. Mpango ulikuwa kuendelea mbele, kuvuka vilima hadi Maidstone. Kwenye miinuko hiyo magurudumu manane ya kuendesha yangekuwa na maana: uzito wote wa injini unashika reli, treni ya mizigo inapanda bila kuteleza. Hesabu ni safi kabisa kama kilima kipo kwenye ratiba. Lakini wakati Hawthorn Leslie wanaunga bwela, hakukuwa na taruma hata moja lililolazwa upande wa Maidstone.

Kosa la pili ni baya zaidi, maana halikuhitaji utabiri. Hecate ilikuwa na zaidi ya tani 40 juu ya ekseli nne zilizobanana, bila bogi mbele wala nyuma. Reli na madaraja ya upande wa Robertsbridge yalijengwa mepesi kwa makusudi, kwani wepesi ndio ulioifanya njia hiyo iwezekane kwa bei yake. Kwa hiyo injini yenye nguvu kuliko zote haikuweza kufanya kazi kwenye njia nzima ya mwenyewe. Stephens alikuwa mhandisi wa njia hiyo. Alijua kila daraja linabeba nini.

Wapo wanaosema alikuwa na maono na bahati ndiyo iliyomgeuka. Hapana. Njia mpya ikipata fedha, injini huagizwa ujenzi ukiendelea. Watengenezaji wa Uingereza wa wakati ule hawakuwa na shida ya kutoa injini kwa wakati. Kutanguliza injini kulikuwa kufunga mtaji wa reli ambayo mizigo yake ilikuwa makaa, mazao ya shamba na hopi za kutengenezea bia.

Kilichofuata kinajieleza. Hecate ilikaa zaidi bandani kuliko njiani. Mwaka 1916 iliazimwa reli ya East Kent, ikarudi 1921, ikakaa tena. Stephens alifariki 1931, na mwaka uliofuata mrithi wake, William Henry Austen, akaibadilisha na Southern Railway kwa injini ndogo ya 0-6-0 iliyoundwa mwaka 1876. Uamuzi huo wa Austen ulikuwa sahihi.

Linganisha na wazee wa kazi. Kati ya 1873 na 1880 Beyer Peacock wa Manchester waliunda injini nane za mizigo kwa ajili ya njia ya Barnstaple hadi Ilfracombe, yenye mwinuko wa 1 kwa 36. Zilikuwa 0-6-0 za takriban tani 25 bila tenda, fremu rahisi, magurudumu madogo, hakuna urembo. Waliozichora walianza na swali moja: njia iliyopo inaruhusu nini, na kilima kilichopo kinadai nini? Ndiyo maana, zilipochakaa kwa wenyewe wa kwanza, zilikuwa bado na kazi kwa wengine. Stephens mwenyewe alizipeleka Shropshire, na mbili zikaja Kent: Rother mwaka 1910, Juno mwaka 1914. Vyuma vya enzi ya Victoria vikavuta mabehewa huku injini mpya ikikaa bandani.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua somo hili kutoka kwa Beyer Peacock haohao. Injini za Garratt za Daraja la 60, zilizokuja miaka ya 1950, zilitawanya uzito wao kwenye ekseli 14 ili zipite kwenye reli nyepesi za matawi. Reli ndiyo iliyoamua injini, kama ilivyokuwa Ilfracombe miaka themanini kabla.

Hecate yenyewe haina hatia. Southern waliipa namba 949, wakaitia kazi ya kushanti London, na ikavuta mabehewa hadi ilipoondolewa mwaka 1950. Injini nzima, imara, iliyohitaji tu yadi yenye reli za kuibeba. Aibu ni kwamba katika zile nane za Ilfracombe, zilizoifanya kazi ambayo Hecate haikuweza, haikuhifadhiwa hata moja. Wanaoandika historia ya reli ndogo waache kumsifia Stephens kwa ubahili wake bila kutaja agizo hili. Lilikuwa kosa la kihandisi, na alikuwa na vipimo vyote vya kumzuia.