Msomaji wa Joto

Kuna fundi mmoja upande wa Mutindwa, hapa Umoja jijini Nairobi, ambaye hashiki bisibisi kabla ya kusikiliza. Ukimpelekea kompyuta ya mezani ataiwasha, ategee sikio, kisha aweke kiganja nyuma ya kasha pale hewa inapotokea. Namba za joto kwenye skrini huzisoma mwisho.

Juzi mwalimu mmoja alimletea mashine yake, mojawapo ya zile zilizotumika maofisini Uingereza zikaletwa kumalizia umri wao kwetu. Aliinunua kwa sababu ya ukimya wake, maana husahihisha kazi usiku watoto wakiwa wamelala chumba hichohicho.

"Fundi, inasoma nyuzi 58 na sijafungua chochote."

"Mwalimu, feni inazunguka polepole ndiyo watoto walale. Hizo nyuzi ndiyo bei ya kimya."

Kisha akafanya lile ninalolipenda. Akafungua video nzito, akakaa kuitazama namba ikipanda. Namba inayoruka kutoka 45 hadi 85 kufumba na kufumbua, kisha ikaporomoka mara tu kazi inapokatwa, humwambia kwamba pesti iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea imekauka: joto lipo, njia ya kutokea hakuna. Inayopanda taratibu, dakika baada ya dakika, bila kutulia popote, humwambia kwamba vumbi limeziba mapezi ya chuma au feni imechoka. Ya mwalimu ilipanda hadi 71, ikatulia hapo. Fundi akaizima, akamrudishia. Hakuifungua, wala hakumdai shilingi. Kujua mashine isiyotaka kuguswa, kwangu mimi, ndio ufundi wenyewe.

Na namba hizo si za kuaminiwa kijuujuu. Kihisi joto kilichomo ndani ya prosesa nyingi za Intel hakihesabu kutoka sifuri. Hupima umbali uliobaki kufikia kikomo cha joto, ambacho mara nyingi ni nyuzi 100, na programu ndiyo inayoutoa umbali huo kwenye kikomo ili kupata jibu. Karibu na kikomo husema kweli. Mashine ikiwa imepoa, inaweza kukosea kwa nyuzi kadhaa. Mwaka 2017 kampuni ya AMD ilitoa prosesa za Ryzen 1700X na 1800X zilizotangaza nyuzi 20 zaidi ya joto halisi, kwa makusudi, ili feni ziendeshwe kwa mpangilio mmoja na wa ndugu zao. Wangapi walihangaika kununua feni mpya kwa homa isiyokuwepo!

Tena joto la prosesa huanzia kwenye joto la chumba. Mashine inayosoma 42 hapa Umoja baridi ya Julai ikiuma, ipeleke Mombasa mwezi wa Machi itapita 50 bila kosa lolote. Nasi tuna la kwetu: hewa ya Nairobi, kwa kuwa tuko juu, ni nyepesi, kwa hiyo feni ileile hubeba joto kidogo kuliko pwani. Halafu kuna vumbi. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Marekani, nyumba za chini zenye nafasi ya kuongezea vyumba; leo ghorofa zimebanana, ujenzi haukomi, na vumbi la saruji huingia hadi kwenye kabati lililofungwa.

Enzi za saiba, yaani maduka ya intaneti, kila mwenye duka alijua kupuliza vumbi hilo kwa blowa huku ameizuia feni kwa kidole isizungushwe na upepo ikaharibika. Vijana walijifunza kwa kusimama pembeni. Walijua pesti ni kiasi cha punje ya dengu, si kupaka kama siagi. Saiba nyingi zilipofungwa, simu zikishika nafasi, hakuna aliyebaki wa kusimama pembeni ya fundi.

Sasa ukipeleka mashine yenye joto, maduka mengi hayatazami hata namba. Utaambiwa imezeeka, ununue nyingine. Jaa la taka la Dandora liko hapa jirani, na makasha ya kompyuta yanafika huko, yakavunjwa kwa nyundo ili itolewe shaba. Naamini baadhi yake yalihitaji pesti ya shilingi mia chache na mtu wa kukaa nayo nusu saa akiitazama namba. Fundi wangu ana mvi sasa. Nimemwuliza nani anamfundisha. Akasema kijana wa mwisho aliondoka akaenda kuuza vioo vya simu.