"Cura", "fraile", "monje": si wote padre

Alfajiri ya Septemba 16, 1810, katika mji wa Dolores, Meksiko, Miguel Hidalgo alipiga kengele ya kanisa akawaita watu wainuke dhidi ya watawala wao. Vitabu vya Kihispania humwita "el cura Hidalgo". Sisi tunaotafsiri kwa Kiswahili tungeandika "Padre Hidalgo" tukaendelea, na hapo kuna kitu kimedondoka. "Cura" asili yake ni Kilatini, uangalizi: huyu amekabidhiwa roho za watu wa mahali fulani. Walioitikia kengele ya Hidalgo walikuwa waumini wake mwenyewe. "Paroko" ndilo neno la karibu, ingawa Kihispania kina "párroco" pia. Hilo ni la barua za askofu, "cura" ni la sokoni. (Chunga kitangulizi chake: "la cura" ni tiba.)

"Sacerdote" ni habari nyingine: ni mwenye mamlaka ya kutoa sadaka. Ndiyo maana linamfaa hata kuhani wa Waazteki, ambaye parokia hakuwa nayo.

Kazi ngumu iko kwa "fraile" na "monje", maana kwetu wote ni watawa. "Monje" ni mtu wa monasteri. Wabenedikto, hata wakivuka bahari mpaka Peramiho, hujenga abasia. "Fraile" ni wa mashirika ya karne ya 13, Wafransisko na Wadominiko, waliozunguka mijini wakihubiri na kuishi kwa kuombaomba. Wale Wafransisko 12 waliofika Meksiko mwaka 1524 walikuwa "frailes". Kuwaita wamonaki ni kuwapa maisha yasiyo yao. Na anayevutwa na mlio wa neno akaandika "frateri" amewarudisha seminari, kwani frateri wetu bado anausomea upadre.

Mbele ya jina, "fraile" hukatwa likawa "fray". Bartolomé de las Casas alikuwa padre tayari, "clérigo", kabla ya kujiunga na Wadominiko. Alipoweka nadhiri akawa "fray", na hata alipowekwa wakfu askofu wa Chiapas mwaka 1544 aliendelea kuitwa hivyo. Neno hilo linataja nadhiri, halisemi lolote kuhusu daraja. Ukiandika "Bruda Bartolomé", msomaji wa Songea atadhani mtu huyu hakuwahi kuadhimisha misa. Mimi huliacha "fray" lilivyo, nikalieleza mara moja tu, linapotokea kwanza.