Kusimama Hewani

Kazi ngumu kuliko zote za helikopta ni kusimama. Kwenda mbele si kazi kubwa kiasi hicho: ikishashika mwendo, mapanga hukutana na hewa iliyotulia na kunyanyua vizuri zaidi, na upepo wa mwendo wenyewe huusaidia mkia kubaki nyuma. Lakini kuiweka mahali pamoja hewani, usawa wa kifua, hatua chache mbele yako, isipande wala kushuka, isisogee wala kugeuka, hapo ndipo mkono wa mtu hujulikana. Mtazamaji huona kitu kimetulia. Aliyeshika rimoti anajua kwamba vidole vyake havijatulia hata kidogo. Vinasahihisha mteremko mdogo kabla haujaonekana, kisha vinasahihisha sahihisho hilo hilo.

Naupenda ufundi huu, na ninaandika kwa ajili ya mtu anayetaka kununua helikopta yake ya kwanza ya umeme, ile ndogo ya kurushwa kwa rimoti. Wengi huanza vibaya, na si kwa uzembe. Huuziwa chombo kisichoweza kuwafundisha, wakakata tamaa wakidhani mikono yao ndiyo mibovu.

Ugumu unatokana na jambo moja: hakuna kitu kwenye helikopta kinachofanya kazi peke yake. Mapanga ya juu yakizunguka upande mmoja, kiwiliwili hutaka kuzunguka upande wa pili, ndiyo maana mkiani kuna rafadha ndogo ya kukizuia. Lakini rafadha hiyo, katika kuzuia, hukisukuma pia chombo kizima pembeni. Kwa modeli nyingi, ambazo mapanga yake huzunguka kufuata mishale ya saa ukizitazama kutoka juu, msukumo huo huelekea kushoto, kwa hiyo helikopta iliyosimama sawasawa huwa imelalia kulia kidogo. Chuchumaa uitazame kwa nyuma utaona mguu wa kulia uko chini kuliko wa kushoto. Ukiongeza nguvu ili ipande, mkia nao unadai nguvu zaidi. Ukiiinamisha ili isogee, inapoteza kimo. Inabidi uongeze nguvu, na mkia unadai tena. Siku hizi jairo ya umeme, yaani kihisi kinachogundua mkia unapogeuka, huulinda mkia vizuri sana, lakini hayo mengine bado ni ya vidole vyako.

Aliyenifungua macho kuhusu ukubwa wa chombo cha kujifunzia ni Mmarekani Arthur Young, ingawa yeye hakuwa akijifunza kurusha bali kubuni. Young alisoma hisabati Princeton, na tangu mwaka 1928 alijitwika swali la helikopta: kwa nini haitulii? Alijaribu na modeli kubwa. Ikianguka, kuijenga upya kulimchukua muda mrefu mno, na alichojifunza katika anguko hilo kilikuwa kidogo. Akahamia kwenye modeli ndogo za mota ya umeme, akazifanyia kazi katika ghala la shambani huko Paoli, Pennsylvania. Hizo zikivunjika, zilitengenezeka upesi, na jaribio lililofuata lilikuja kabla hajasahau lililotangulia. Humo ghalani ndimo alimogundua kwamba ufito wenye vizito kwenye ncha zake, ukifungwa chini ya mapanga na kuyakata kwa pembe mraba, huwa mzito wa kuinama, na ukiunganishwa na mapanga huyarudisha kwenye usawa kila kiwiliwili kinapoyumba. Mwaka 1941 aliipeleka modeli yake kwa Larry Bell, mwenye kampuni ya ndege kule Buffalo, na kuirusha mbele yake. Bell akamchukua. Kazi hiyo ilizaa Bell 47, ambayo tarehe 8 Machi 1946 ilikuwa helikopta ya kwanza kupewa cheti cha matumizi ya kiraia Marekani.

Basi helikopta ndogo ya umeme haikuanza kama kichezeo kilichoigwa kutoka kwenye helikopta kubwa. Katika kisa hiki ndogo ndiyo iliyomfundisha kubwa kusimama, na iliweza kwa sababu ilikuwa rahisi kuvunjika na rahisi kupona. Sijaona kigezo bora kuliko hicho cha kuchagulia helikopta ya kwanza. Kabla hujauliza inaruka kasi gani au inafanana na ipi ya jeshi, uliza: ikianguka kesho asubuhi, jioni itakuwa imeruka tena?

Tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Zile za chaneli tatu, yaani miendo mitatu tu ya kuongozwa kwa rimoti, zenye taa za rangi, zinazouzwa pamoja na vichezeo vingine, waachie watoto wazifurahie. Zinapanda, zinashuka, zinageuka, na zinakwenda mbele na nyuma kwa kirafadha kilicholala mkiani. Kuzisogeza pembeni haiwezekani, kwa sababu hakuna chochote ndani yake kinachoinamisha mapanga kwenda huko. Utajifunza kuisubiri ifike, lakini kuishika mahali hutajifunza.

Ngazi moja juu ya hizo kuna zile za mapanga pacha, rafadha mbili kwenye mhimili mmoja, moja ikizunguka huku na nyingine kule, kiasi kwamba nguvu za kuzungusha kiwiliwili hufutana. Zenye chaneli nne za aina hii, kama Blade mCX, zimetulia ajabu. Ukiachia kijiti, inasimama yenyewe. Zina heshima yake: mtu mwenye mikono inayotetemeka kwa woga atajua kushoto na kulia kwake bila kuvunja kitu. Lakini wiki chache baadaye atakuwa amekimaliza kitabu chote, kwani helikopta hiyo inamfanyia ile kazi hasa aliyokuja kujifunza. Na mlango ukifunguliwa kaupepo kakaingia, inachukuliwa tu, maana haina nguvu ya kubishana.

Kwa maoni yangu mwanafunzi aanze na helikopta ndogo ya rafadha moja, chaneli nne, yenye mapanga ambayo pembe yake haibadiliki. Ya bei nafuu inayojulikana sana ni WLtoys V911 kutoka China. Kabla yake ilikuwapo Blade mSR, na zote mbili zina kile kiufito cha Young juu ya kichwa, yaani kitovu kinachoshika mapanga, ila kimepachikwa kwa mshazari. Ni nyepesi mno. Ikigonga ukuta, mara nyingi huokotwa na kurushwa tena, kwa sababu kitu chepesi hakina uzito wa kujivunjia. Inapanda kwa mota kuongeza kasi, kwa hiyo inachelewa kidogo kukujibu, na kuchelewa huko kunamfunza mtu kutangulia: unapunguza nguvu kabla haijafika unapotaka, unairudisha kabla haijapita. Mkono uliozoea kutangulia hauisahau tabia hiyo hata ukihamia kwenye chombo chepesi kujibu.

Aina ya mwisho ni ile inayowavutia wote: mapanga yanayogeuza pembe. Humo kasi ya mzunguko hubaki karibu ile ile, na kunyanyua hutokana na kuyalaza au kuyasimamisha mapanga, jambo linalotokea papo hapo. Inaweza hata kuruka kichwa chini, kwa kuwa pembe inaweza kwenda upande wa pili ikasukuma hewa juu badala ya chini. OMPHobby M2, XK K110, Blade 230 S na nyingine za rika hilo ni vyombo vizuri kweli, na baadhi zina msaada wa kielektroniki unaozirudisha kwenye usawa ukiachia vijiti. Najua wapo walioanza nazo wakafaulu. Bado nasema zisubiri. Kuna sevo tatu, vimota vya kuinamisha mapanga, chini ya kichwa, viungo vingi vya plastiki, mhimili mwembamba unaoshika mapanga, na anguko moja linaweza kupinda kitu ambacho jicho la mgeni halikioni. Mgeni huyo huirusha tena ikiwa imepinda, inatetemeka, naye anadhani ndivyo zilivyo.

Kuhusu zile kubwa zaidi, zenye mapanga ya nyuzi za kaboni, sina mzaha hata chembe. Helikopta yenye mapanga ya sentimita 30 na kitu huzungusha kichwa zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Mwaka 2013, katika bustani moja ya Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mrushaji hodari aliuawa na helikopta yake mwenyewe. Zile kubwa hazifai kuwa za kwanza kwa mtu yeyote, hata awe na fedha kiasi gani.

Kabla hujanunua chombo, au siku ile ile, tafuta simuleta ya kompyuta na rimoti halisi ya kuiunganisha kwa waya. RealFlight ipo tangu miaka ya 1990, na zipo nyingine. Huko maanguko ni ya bure. Amua pia mapema vijiti vyako vitakaa vipi: wengi Marekani huweka nguvu na mkia kwenye kijiti cha kushoto, wengi Japani huweka nguvu kulia. Mpangilio wowote ni sawa, ila vidole vikishazoea mmoja kuvihamisha ni taabu, hivyo fuata wa yule aliye karibu nawe atakayekushikia rimoti siku utakapokwama.

Siku ya kwanza, wengi huogopa kimo. Huinua helikopta kiganja kimoja kutoka sakafuni na kuiacha hapo, wakiamini wako salama. Hapo ndipo pabaya. Hewa inayosukumwa chini hugonga sakafu na kurudi, na helikopta huanza kuteleza huku na huku bila sababu unayoweza kuiona. Ipandishe upesi mpaka usawa wa kifua, iache hewa yake chafu huko chini, ukae nyuma yake, mkia ukikutazama. Kushoto kwake ni kushoto kwako. Anza ndani, kwenye ukumbi mtupu. Ukitaka nje, ukiwa pwani yetu, amka mapema: ikikaribia saa nne asubuhi upepo wa bahari huwa umeshaanza kuamka, na chombo cha gramu 30 hakishindani nao.

Betri zake za lithiamu zinahitaji adabu. Kila seli ikijaa ina volti 4.2, na ukiitumia hadi kuishusha chini ya volti 3 unaiharibu kwa kudumu. Mapanga yakianza kuchoka, tua. Usingoje yasimame. Usichaji ukiwa umelala wala karibu na pazia na magodoro. Iliyovimba usiichaji tena hata mara moja. Ukikaa siku nyingi bila kurusha, ziache kwenye volti kama 3.8, zisiwe zimejaa wala tupu. Kila betri hukupa dakika chache tu hewani, na nimekuja kuupenda ufupi huo. Dakika chache za kutazama kitu kimoja bila kupepesa zinachosha, na mapumziko ya kubadilisha betri ndiyo wakati ambao akili hupanga ilichokiona.

Sehemu ya ufundi huu ambayo wauzaji hawaitaji ni ile ya mezani. Chukua mfano wa kulinganisha mapanga kwenye helikopta yenye pembe za kurekebishwa. Unabandika kipande cha utepe mwekundu kwenye ncha ya panga moja na cha rangi nyingine kwenye la pili. Unazungusha kichwa, unavaa miwani ya kinga, unakaa mbali na kutazama ubavuni, macho yakiwa usawa wa mapanga. Mapanga yakiwa sawa, ukingo wa duara lile ni mstari mmoja mwembamba. Yasipokuwa sawa unaona mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, na rangi ya juu inakuambia panga lipi lina pembe kubwa. Unazima, unachomoa betri, unakichomoa kiungo cha panga hilo kutoka kwenye kigololi chake, unakizungusha mara moja, unakirudisha, unatazama tena. Mistari hukaribiana. Mara nyingine hupishana, na lile la chini likawa la juu, unarudi nyuma nusu. Ikishikana kuwa mstari mmoja, mtetemo unakwisha, mkia unaacha kutikisika, na sauti ya chombo chote inabadilika. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa mikono yake haitazami helikopta tena kama aliyeinunua tu.

Kwa hiyo unaponunua, nunua pamoja na spea: mapanga, rafadha ya mkiani, mhimili, gia kuu, betri kadhaa, bisibisi nyembamba. Chombo kizuri ambacho spea zake huagizwa na kungojwa miezi miwili, kwa mwanafunzi si kizuri. Kama mwenye duka hajui neno mhimili wa akiba, nenda kwingine.

Baada ya kuisimamisha mkia ukikutazama, igeuze ubavu, kisha ubavu wa pili, na mwisho ielekeze pua kwako. Hapo kila kitu kinapinduka: ikienda kushoto kwako, sahihisho ni kusukuma kijiti upande ule ule inakokwenda. Kichwa kinaelewa mara moja. Vidole vinakataa kwa muda mrefu. Wapo waliorusha miaka bila kuvuka hapo, wakiigeuza mkia kila wanapotaka kupumzika. Mwanafunzi asihame chombo chake kidogo mpaka aweze kukaa nacho uso kwa uso betri nzima, kikiwa kimetulia. Akishaweza, anunue ile ya mapanga yanayogeuza pembe, na sitakuwa na haja ya kumshauri ipi, maana atakuwa ameacha kuuliza habari za taa na rangi, atakuwa anauliza gia yake ni ya plastiki gani na mhimili wake unapatikana wapi.