Kasubi: Ukale Ukaao Mikononi mwa Watu

Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya makaburi ya Makabaka kilimani Kasubi, hapa Kampala, husifiwa mno kwa ukale wake. Lakini mwanafunzi mwerevu aweza kuuliza: ni ukale gani huo, ikiwa jengo liliteketea tarehe 16 Machi 2010? Swali hilo lastahili jibu.

Kabaka Muteesa I alijenga hapo jumba lake mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884, likawa kaburi lake. Baadaye walizikwa humo Mwanga II, Daudi Chwa II na Muteesa II. Ni jumba la mviringo, lenye kipenyo cha mita 31, lililoezekwa kwa nyasi, na paa lake lina pete 52 kwa hesabu ya koo za Buganda. Katika ukarabati wa mwaka 1938 liliingizwa saruji na chuma. Basi hata kabla ya moto, halikuwa lile lile la Muteesa.

Tulilinganishe na stupa kuu ya Sanchi, Bara Hindi. Stupa ni kuba la kuhifadhia masalio matakatifu ya dini ya Buddha. Hiyo ya Sanchi ilianzishwa na Mfalme Ashoka, kwa matofali, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Waliomfuata waliivika mawe, ikawa karibu maradufu, yenye kipenyo cha mita 36 na zaidi. Matofali ya kwanza yamefichika, wala hapana aikanaye kuwa ya Ashoka.

Hata hivyo, mawe yakisha kupangwa husubiri, nyasi hazisubiri. Kasubi imedumu kwa kuwa watu wa ukoo wa Ngeye, yaani mbega, wamerithishana kazi ya kuliezeka. Ukale wake u katika mikono hiyo.

Kwa hiyo aandikaye "kibanda cha nyasi" amekosea, maana ameuita ufundi umaskini. Na aliyefurahi mwaka 2023, Kasubi ilipoondolewa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, asidhani hatari imekwisha. Saruji haimfundishi mtu kuezeka. Mwalimu awapelekaye wanafunzi Kasubi asiwaonyeshe pete tu. Awahimize waulize ni nani aliyeezeka, naye amemfundisha nani.