Betri ya Sodiamu Imetua Kurasini!

Jamani, imefika! Jamaa yangu baharia kashuka nayo kutoka Japani: pawabanki ya Elecom yenye sodiamu badala ya lithiamu, iliyoingia sokoni Machi 2025. Ni nzito kweli, gramu 350 kwa mAh 9000, inavuta suruali. Sijali hata kidogo! Kampuni inaahidi kuchajiwa mara 5000. Chaji kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 13! Tena inavumilia joto hadi nyuzi 50, na aliyewahi kushinda kwenye yadi za makontena hapa Kurasini mwezi wa pili anajua kwa nini nimepiga kelele.

Uhai huo wote unategemea utando mwembamba ajabu. Betri inapochajiwa mara za kwanza, kimiminika chake huchakaa kidogo pale kinapogusa elektrodi hasi, kikaacha ngozi juu yake. Ngozi ikitulia, ioni zinapita na kimiminika kinasalimika. Ikipasuka, inajijenga upya kila chaji, inakula sodiamu na kimiminika, betri inazeeka.

Humu ndani elektrodi hiyo ni kaboni, imeshafugwa. Ninachokisubiri kwa hamu ni sodiamu yenyewe, metali tupu! Gramu moja inabeba mAh 1166, kaboni hii hubeba kama 300. Tatizo metali hiyo inavimba na kusinyaa, ngozi inachanika, miiba inaota hadi inapiga shoti. Ndiyo maana kazi ya Zhi Wei Seh, Yi Cui na wenzao wa Stanford, ya mwaka 2015, inanisisimua mpaka leo. Metali hawakuigusa, walibadili kimiminika tu, wakatumia jamii ya etha, na ngozi ikajitengeneza laini, ya oksidi na floridi ya sodiamu. Mizunguko 300, ufanisi wa wastani wa asilimia 99.9! Halafu eti watu wanashangilia rangi za simu.

Na malighafi tunayo. Magadi, haya haya tunayolainishia maharage, yana kabonati ya sodiamu inayotumika kutengenezea elektrodi chanya. Yamejaa Ziwa Natron na Engaruka. Kenya nako yanachimbwa Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka mia.

Sabasaba ijayo, viwanjani hapo Barabara ya Kilwa, nataka banda zima la sodiamu, na nitakuwa wa kwanza getini!