Stelingi wa Jina la Kuazima
Kwenye kibanda cha video Malindi tulikuwa na sheria moja: stelingi hafi. Ndiyo maana A Fistful of Dollars (1964) niliiamini kabisa, makauboi wale, vumbi lile. Kumbe vumbi lenyewe ni la Almería, Uhispania, na pesa zilikuwa kiduchu: kama dola 200,000 hivi, Clint Eastwood akichukua 15,000.

Juzi nimeirudia nikasoma majina. Bob Robertson ni nani? Sergio Leone, mzaliwa wa Roma. Na Dan Savio wa muziki? Ennio Morricone. Waliona mtazamaji hatamwamini kauboi wa Kiitaliano, wakaazima majina.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilipoacha chuo niliwatembeza Waitaliano ufuoni nikijiita Roberto, maana langu, nilidhani, haliuzi.

Lakini si majina yanayoibeba filamu hii. Anayeibeba ni Gian Maria Volonté, adui Ramón. Eastwood kanyamaza na sigara mdomoni. Volonté anachemka, jasho usoni, hata kicheko chake kinatisha. Kasoro zipo: Marianne Koch, yule Marisol, kaachiwa macho tu ya kulilia. Na hadithi imenyofolewa kwenye Yojimbo ya Kurosawa.

Mwaka 1965, kwenye filamu iliyofuata, Leone aliandika jina lake mwenyewe, na watu wakajaa vilevile. Nami makala hii nimeitia jina alilonipa nyanya.